Fundi wa msewe akifa: namna ya kumchezea ngoma yake

Ukifiwa na fundi wa ngoma, usianze na ngoma. Anza na wafiwa. Kwetu Pemba wapo wanaoona kumchezea marehemu ngoma ni kumuongezea mzigo kaburini, na wapo wasioona neno, na mara nyingi wote ni watu wa nyumba moja. Mie nilikwenda kwa mjane wa fundi wetu baada ya hitma ya arubaini kwisha, nikakaa barazani, tukazungumza habari za mihogo na za wajukuu mpaka chai ikapoa, ndipo nikaleta shauri langu. Tulikubaliana hivi: hitma yake nyingine isomwe Alhamisi usiku msikitini, ngoma ichezwe Jumamosi kiwanjani, na viwili hivyo visichanganywe. Mwanawe mkubwa alisema yeye hatokuja ngomani. Lakini ndiye aliyefungua sanduku akatupatia misewe ya baba yake, zile njuga za ukindu za miguuni zilizoipa ngoma yetu ya msewe jina.

Mie mwenyewe sijawahi kuivaa. Kwetu wanaume ndio wanaofunga misewe miguuni, sie wanawake twasimama safu twaimba. Nimeitikia miaka 31, na miaka yote hiyo macho yangu yalikuwa kwenye miguu ya fundi, maana yeye ndiye aliyekuwa akitupa wakati wa kupokea wimbo, kwa kisigino.

Sasa kazi yenyewe. Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, sauti yake ilikuwa imeshahifadhiwa kwenye santuri na picha zake kwenye filamu. Fundi wa kijijini hana hayo. Alichokitunga kimo kwenye magoti ya wazee sita au saba, na wazee hao nao wana sukari na presha. Kwa hiyo kabla ya kiwanja, kabla ya sare, kabla ya kadi za mwaliko, wakusanye hao.

Usiwaulize kwa mdomo. Ukimuuliza mzee fundi alikuwa akiingia vipi uwanjani, atakwambia, “Ah, tukenda mbele, tukirudi.” Hilo halikusaidii kitu. Msimamishe. Mtu mmoja ampigie ngoma kwa mdomo, polepole, na simu iwekwe juu ya kibao, usawa wa goti, ichukue miguu tu. Uso hauna kazi hapa, na ukimlenga mtu usoni ataanza kutabasamu. Wachukue mmoja mmoja. Wakiwa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekumbuka kwa niaba ya wote.

Na kila mmoja muulize alifundishwa lini. Sisi tulilisahau swali hili, likatugharimu wiki mbili za ugomvi. Wazee watatu walikuwa wakiingia kwa hatua iliyonyooka, kushoto, kulia, kushoto, kisha kishindo. Wanne wengine walikuwa na mvuto kabla ya kishindo: mguu wa kulia unaburuzwa kidogo mchangani, msewe unatoa sauti kama mtu anayepepeta mchele, ndipo unapiga. Kila upande uliapa kwamba huo ndio msewe wa fundi. Kijana mmoja akasema tupige kura. Nikamwambia, mwanangu, ngoma si uchaguzi.

Mjane ndiye aliyetufungua. Tulimuonesha zile picha za simu jikoni kwake, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kanga. Fundi alianguka kutoka juu ya mkarafuu, mwaka mmoja wa mavuno makubwa, nyonga ikamharibikia. Tangu hapo akawa akiuburuza mguu wa kulia. Waliofundishwa baada ya mkarafuu waliiga chechea yake wakidhani ni mapambo.

Ungefanya nini? Wapo waliotaka tuuondoe ule mvuto, tucheze “ya asili”. Mie nilikataa. Fundi aliwaona wanafunzi wake wakiburuza mguu miaka mingi na hakuwakataza, na alikuwa mtu wa kukugusa goti kwa kijiti ukikosea hata kidogo. Basi kaukubali. Tukaamua wazee wa kabla ya mkarafuu waingie mwanzo kwa hatua yao, wa baada wawafuate kwa mvuto, na vijana wajifunze zote mbili. Hakuna aliyeshinda, na kiwanjani watu walipiga vigelegele pale mvuto ulipoanza, maana walimtambua mtu wao.

Jambo jingine: chezeni ngoma moja kwa ukamilifu. Utashawishiwa uchanganye msewe kidogo, kibati kidogo, ndege na miavuli yake, mwisho beni, zote ngoma za visiwani kwetu, ili kila kikundi kipate nafasi. Hiyo ni sherehe ya Mapinduzi, si kumbukumbu ya mtu. Fundi wetu alikuwa wa msewe.

Misewe ya kale hukatika. Baadhi ya ile ya sandukuni ilikuwa imeliwa na wadudu, tukasuka mingine. Ukindu mkavu uloweke usiku kucha, uuchane nyembamba, usuke vifuko vidogo vya pembe nne, na kila kifuko ukiache upande mmoja wazi. Tia mbegu kavu ngumu, kiasi zicheze ndani, zisijae. Kifuko kilichojaa hakilii. Ukishakiziba, kitikise karibu na sikio kabla ya kukifunga kwenye kamba pamoja na vingine. Anayevaa mara ya kwanza afungwe kitambaa cha kanga kuukuu kwanza, kuanzia kifundo mpaka chini ya goti, la sivyo kesho yake hatembei. Na avae kwenye mazoezi yote. Kijana aliyejifunza hatua miguu mitupu, ukimvisha siku ya siku atacheza kama aliyekanyaga tope.

Ngoma ziwambwe mapema, ngozi ipate siku za kukauka. Siku yenyewe moto uwe wa makuti, uwashwe upepo unakopita, na mtu mzima auangalie. Ngozi unaielekeza kwenye moto kwa mbali, unaizungusha, unaigonga kwa vidole mpaka sauti itoke kwenye “bwe” iingie kwenye “di”. Mpwa wangu aliiacha chapuo, ile ngoma ndogo, ikiota moto akaenda kujibu simu. Ilipasuka kwa mlio ambao mpaka leo twamtania nao. Uwe na ya akiba. Mpiga zumari naye mtafute mwanzo kabisa, na tarehe ipangwe kwa nafasi yake yeye, maana wapo wachache na hutakiwa kila kwenye harusi.

Tarehe ikae mbali na Ramadhani, mbali na masika ya Machi mpaka Mei, na mbali na msimu wa karafuu, kwani wachezaji wako watakuwa juu ya miti. Kibali: anza kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani, yeye atakuelekeza kwenye Baraza la Sanaa na polisi. Peleka barua mapema, weka nakala. Hapo hapana maajabu.

Kiwanja kiwe cha udongo. Tulipewa ukumbi wenye sakafu ya vigae na feni, tukashukuru, tukakataa. Msewe unahitaji ardhi ya kupokea mguu. Mwagia maji baada ya sala ya adhuhuri, tena kidogo kabla ya kuanza, vumbi lisiwaingie waimbaji kooni. Waimbaji na wapigaji wawe na jua mgongoni.

Anzeni mara baada ya sala ya alasiri, saa kumi na robo, mmalize saa kumi na mbili kasorobo, watu wawahi kutawadha. Na hapa nina kinyongo cha zamani. Miaka iliyopita tulimkumbuka mwalimu mwingine, mgeni rasmi akafika amechelewa, akahutubia saa nzima kuhusu maendeleo, na jina la marehemu alilikosea mara mbili. Ngoma ikapata dakika kumi, adhana ikaadhiniwa. Safari hii mgeni rasmi alikuwa mjane. Alikaa kwenye jamvi na wanawake wenzake, hakusema neno. Aliyetaka kuhutubia tulimpa kazi ya kugawa chai ya mchaichai na maandazi.

Usiku uleule rudisheni vilivyoazimwa. Tulihesabu misewe kwa tochi ya simu: vifuko viwili vilikuwa vimepasuka, mbegu zake zimebaki mchangani. Ile ya fundi, ambayo tuliifunga upya kwa kamba mpya, niliipeleka mwenyewe. Mwanawe mkubwa aliipokea mlangoni, akautikisa mmoja, akauliza nani kauvaa mguu wa kulia. Nikamtajia.