Usukani mgumu: inua mbele ya gari kabla hujanunua pampu

Usukani ukianza kuwa mgumu, wengi hapa Arusha hukimbilia kutafuta pampu ya usukani ya mtumba, ile inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi. Inafungwa, ugumu unabaki palepale, na hela imeshaondoka. Fuata mpangilio huu bila kuruka hatua, maana kila hatua inapunguza sehemu za kutafuta ubovu.

1. Upepo

Pima tairi za mbele asubuhi, gari likiwa bado halijatembea. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Gari ndogo nyingi ni PSI 30 hadi 35. Tairi yenye 20 inalala chini, na hata pampu mpya haitakusaidia. Kama ugumu ulianza siku ulipofunga tairi pana kuliko za awali, jibu umeshalipata.

2. Jeki

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Egesha pasipo na mteremko, vuta hendibreki, weka vigingi tairi za nyuma. Inua mpaka tairi zote mbili za mbele ziache ardhi, kisha weka stendi chini ya chesisi. Jeki peke yake usiiamini hata kwa dakika moja.

Injini ikiwa imezimwa, geuza ufunguo utoe loki tu. Zungusha usukani polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Tairi zikiwa hewani unatakiwa kwenda laini, uzito uleule njia nzima. Ukiwa mgumu au ukakwama mahali, tatizo ni la vyuma: nenda hatua ya 3. Ukiwa laini, kwa kawaida vyuma vyako ni vizima na kinachokosekana ni nguvu ya kusaidia: nenda hatua ya 4.

3. Vyuma

Chomoa tairodi endi zote mbili (ncha za vyuma vinavyosukuma magurudumu yageuke), zungusha tena. Ukibaki mgumu, ubovu uko kwenye reki (chuma cha meno kinachosukuma tairodi kushoto na kulia) au kwenye krosi, kiungo cha shafti ya usukani, ile inayoshuka karibu na pedeli. Krosi iliyoshika kutu ina dalili yake: usukani unakuwa mzito, unalegea, unakuwa mzito tena, mara mbili kwa kila mzunguko mmoja.

Ukilegea, ubovu umebaki upande wa magurudumu. Geuza kila gurudumu kwa mkono, moja moja. Linalogoma lina boljointi (kiungo cha mpira wa chuma ambacho gurudumu linageukia) kavu au beringi ya juu ya shokapu imekufa. Kuitambua beringi, rudishia tairodi, shusha gari chini, weka kiganja bapa nje ya springi (vidole visiingie katikati) na mwenzako azungushe usukani taratibu. Springi nzima inageuka pamoja na gurudumu bila kusita. Beringi ikiwa mbovu, springi inajikunja, inagoma, halafu inaruka ghafla na utausikia mshtuko kwenye kiganja. Gari la namna hii pia usukani haurudi wenyewe ukimaliza kona.

Vumbi letu hili la majivu ya volkano halisamehe. Mpira unaofunika boljointi ukichanika kidogo tu, vumbi linachanganyika na grisi na kuwa kama msasa. Ukiona mpira umepasuka, kubadilisha grisi hakutoshi. Badilisha boljointi.

4. Pampu, oili na mkanda

Angalia kopo la oili ya pawa, yaani oili ya usukani. Oili nzima kwa gari nyingi ni nyekundu na inaangaza. Nyeusi yenye harufu ya kuungua imechoka. Yenye povu ina hewa. Bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba: ukizama zaidi ya sentimita moja hivi, au ukipiga kelele unapokata kona kali, umelegea. Kisha binya buti za reki, mipira yenye mikunjo kwenye ncha zake. Ukikuta oili ndani, sili za reki zimekwisha.

Kubadilisha oili: mbele iwe juu. Chomoa mpira wa kurudisha oili kwenye kopo, ziba tundu, elekeza mpira kwenye chupa. Jaza kopo huku mwenzako anazungusha usukani injini ikiwa imezimwa, mpaka itoke safi. Nunua lita mbili. Rudishia mpira, zungusha mwisho hadi mwisho mara 15 hadi 20 huku ukiongeza, ndipo uwashe. Usiushikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde tano, pampu inaungua. Pampu ihukumiwe baada ya haya yote.

Maswali ya wadau

*Mkuu, Julai hapa Moshi asubuhi usukani unakuwa jiwe, gari likipata moto unalainika. Nini hiyo?*
Kagua mkanda na ubadilishe oili kwanza. Ukiendelea vilevile na oili mpya, sili za ndani ya reki zimelika. Zinahitaji ukarabati, na utazidi kuwa mgumu kadiri siku zinavyokwenda.

*Fundi, nina Toyota IST, haina kopo la oili. Taa ya usukani iliwaka, nikazima na kuwasha ikapotea.*
Hiyo ni ya umeme, mota ndiyo inayosaidia. Pima betri: injini imezimwa iwe karibu volti 12.5, inaunguruma 13.8 hadi 14.5. Safisha vichwa vya betri, kagua fyuzi. Kodi (namba ya hitilafu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari) isomwe kabla ya kufutwa. Ikifutwa kwanza, fundi anabaki kubahatisha.

*Oili ya breki inafaa kwa dharura?*
Hapana kabisa, inaharibu sili zote. Soma kifuniko cha kopo. Toyota nyingi za pampu zinatumia ATF (oili ya giaboksi otomatiki) ya Dexron. Honda wana oili yao maalumu.

*Baada ya kubadilisha tairodi, usukani umekaa upande.*
Nenda kapime alaimenti (mpangilio wa magurudumu) leo. Ukichelewa, tairi mpya zitalika upande mmoja.