Kushusha chaja ya laptopu kutoka volti 19 hadi 12

Laptopu hufa, chaja ikabaki nzima. Mimi ninazo kadhaa za volti 19, ampea 3.42, na ruta pamoja na taa zangu za LED zinataka volti 12. Chaja nyingi za aina hii hushuka kwa kuongeza rezista moja.

Chomoa chaja ukutani kabla ya kuifungua. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani hubeba volti 325 hivi, na huweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa. Shika rezista ya kiloomu 10, wati 5, kwa koleo lenye mpini wa plastiki, uigusishe kwenye miguu yote miwili ya kapasita kwa sekunde kumi. Kisha pima. Mita isiposoma karibu na sifuri, usiguse kitu.

Hatua ya 1. Upande wa waya wa kutolea, jirani na optokapla (kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga kati ya pande mbili za chaja), tafuta TL431, chipu inayosimamia volti za kutolea. Ina miguu mitatu kama transista ndogo. Mguu wake wa rejea hutaka volti 2.5 daima, na rezista mbili ndizo zinazoupa: ya juu hutoka chanya, ya chini huenda hasi.

Hatua ya 2. Pima rezista hizo, uhesabu: volti = 2.5 × (1 + ya juu ÷ ya chini). Kwangu zilikuwa kiloomu 66 na 10, yaani 19. Kwa volti 12, ya juu iwe 38.

Hatua ya 3. Usiing'oe ya juu. Sambamba nayo funga kiloomu 82 iliyounganishwa mfululizo na potenshiometa (rezista ya kuzungusha) ya kiloomu 500, uliyoitoa nje ya bodi kwa waya mfupi. Anza na upinzani wote. Utapata volti 17 hivi. Washa kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na waya wa ukutani, mkono mbali na bodi, zungusha polepole mpaka 12. Ile 82 inazuia kushuka chini ya 11.6. Chomoa, toa chaji ya kapasita tena, kisha weka rezista moja ya kudumu badala ya ile 82 na potenshiometa. Mimi niliweka 91.

Hapa ndipo wengi hukwama: chaja inaanza kulia tik-tik, inawaka na kuzima. Chipu ya upande wa ukutani hulishwa na msokoto mdogo wa transfoma, na volti zake hushuka pamoja na za kutolea. Kama zilikuwa 16, sasa ni 10, na chipu hiyo ikiwa ni UC3842 huzima hapo hapo. Usilazimishe. Irudishe 19, uweke moduli ya LM2596, kibodi kidogo cha kushusha volti, mbele yake. Kwa ruta inatosha kabisa.

Ikitulia, iwashie taa ya breki ya gari, wati 21, kwa saa nzima kabla ya kuikabidhi ruta. Ampea hazikuongezeka: ni zilezile 3.42, sasa wati 41. Mwisho kata plagi ya laptopu, uandike 12V juu ya ganda kwa kalamu isiyofutika.