Kukagua chupa ya vakyumu kwenye breka ya kilovolti 11

Breka ya vakyumu, yaani swichi inayokata umeme ndani ya chupa isiyo na hewa, haina mafuta ya kubadilisha wala gesi ya kuongeza, ndiyo maana mafundi huisahau. Chupa yake imezibwa tangu kiwandani, na ndani yake huwezi kuchungulia. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, elewa kwanza kinachotokea mle kontakti, vile vipande viwili vya metali vinavyogusana kupitisha mkondo, zinapoachana.

Hewa haimo, sasa kinachowaka ni nini? Ni kontakti zenyewe. Ile ncha ya mwisho inayogusana hubebeshwa mkondo wote, inayeyuka na kutoa mvuke wa metali, na tao la umeme linapita ndani ya mvuke huo. Kwa mkondo wa kawaida, tao hugawanyika kuwa vidoa vingi kwenye kathodi (kontakti ya upande hasi), kila kimoja kikibeba kama ampea 100, vikikimbizana juu ya uso wa kontakti. Volteji ya tao hubaki karibu volti 20 tu. Kwenye hezi 50 mkondo hupita sifuri kila milisekunde 10. Hapo vidoa vinakufa, mvuke unaganda kwenye kontakti na kwenye ngao ya metali inayozizunguka, na nafasi inabaki tupu tena.

Shoti kubwa ni habari nyingine. Mkondo ukizidi takriban kiloampea 10, tao hujikusanya kuwa nguzo moja na kuanza kuyeyusha anodi (kontakti ya upande chanya). Ile mikato iliyochongwa kwenye kontakti si urembo: kuna aina inayoizungusha nguzo hiyo kwa nguvu ya sumaku isikae mahali pamoja, na kuna aina inayolilazimisha tao libaki limetawanyika.

Hatua ya 1. Zima, tenga, weka ethi, kisha vuta breka nje ya kabati. Hakikisha springi zote zimeachia nguvu zake. Springi iliyojazwa haina huruma na vidole.

Hatua ya 2. Kontakti zikiwa zimeshikana, angalia alama ya ulaji kwenye shina linalotembea. Kila tao limezila kontakti kidogo. Breka nyingi huruhusu milimita 2 au 3 hivi, lakini fuata kitabu cha breka yako.

Hatua ya 3. Pitisha ampea 100 za mkondo mnyoofu (DC) na upime ukinzani kwa mikroomu. Linganisha fezi tatu. Moja ikiwa juu sana, kagua maungio ya nje kwanza, maana mara nyingi ni bolti iliyolegea.

Hatua ya 4. Sasa vakyumu yenyewe. Hapa niliwahi kuumbuka. Nilipima chupa kwa mega (kipima ukinzani wa insulesheni) ya kilovolti 5, kontakti zikiwa zimeachana, mshale ukalala mwisho kabisa, nikaandika "safi." Mzee niliyekuwa naye zamu akaniuliza:

"Kijana, hewa ya sentimita moja inavumilia kilovolti ngapi?"

"Kama 30, mzee."

"Na wewe umepima kwa 5."

Chupa iliyojaa hewa ingefaulu kipimo changu bila tatizo! Tulipoleta haipoti, mashine ya kupimia kwa volteji kubwa, ikakata kabla ya kufika kilovolti 20. Kumbe chupa ilikuwa imevuja.

Tumia haipoti ya mkondo geu (AC). Breka mpya ya daraja la kilovolti 12, ndilo la mfumo wa kilovolti 11, hupimwa kwa kilovolti 28 kwa dakika moja, kilele chake kikiwa karibu 40. Kwa iliyokwisha tumika, chukua kiwango kilichopunguzwa kilichoandikwa kitabuni. Haipoti ya mkondo mnyoofu inaweza kukudanganya ukatupa chupa isiyo na kasoro, kwa sababu vinundu vilivyoachwa na tao kwenye kontakti hutoa elektroni. Pandisha taratibu, usivuke kiwango, na simama mbali: volteji ikizidi, chupa hutoa eksirei.

Hatua ya 5. Breka ikiwa inalisha mota, kagua na vizuia mawimbi ya volteji kabla ya kuirudisha. Mkondo ukishuka hadi ampea 3 au 5, kidoa kilichobaki hufa ghafla kabla ya sifuri, na nishati iliyonaswa kwenye koili za mota hugeuka kuwa wimbi la volteji. Vizuia mawimbi vikiwa vibovu, chupa itabaki nzima na mota ndiyo itakayoungua.