Kabla hujatuma hela ya mbwa uliyemwona kwenye simu

Kama umejenga Ihumwa, Nala, Iyumbu au kokote huku pembezoni mwa Dodoma ambako taa ya jirani unaiona lakini ukimpigia kelele hasikii, sina haja ya kukuuliza mbwa wa nini. Wezi wakishabeba pampu ya maji na kuku sita kwa usiku mmoja, mtu yeyote atashika simu aanze kutafuta mbwa mkali. Mimi nilifanya hivyo. Nilitaka jamani shepadi, nikampata ndani ya dakika kumi, na mpaka leo hajafika. Kwa hiyo soma kwanza, simu utaishika baadaye.

Yale yanayojulikana nayapita haraka. Bei ikiwa nusu ya wanayotaja wengine, achana nayo. Muuzaji mwenye ukurasa wa wiki mbili uliojaa watoto wa mbwa wa aina nane tofauti hafugi, anaokota picha. Sifa zilizoandikwa siku moja na watu wasio na sura kajiandikia mwenyewe. Ukiuliza mama wa watoto yuko wapi ukajibiwa habari za punguzo, ondoka. Akikutumia picha ya kitambulisho cha NIDA ili mwaminiane, usimwamini kwa hicho: pengine ni cha mtu aliyelizwa kabla yako, ambaye naye aliombwa akitume kwa maneno hayo hayo. Cha kwako usimtumie mtu.

Kuhusu picha, usiangalie mbwa, angalia nyuma ya mbwa. Niliyotumiwa mimi ilikuwa ya mtoto wa mbwa kakaa kwenye sakafu ya mbao, ulimi nje, sikio moja limesimama na jingine limelala. Niliipenda mpaka nikaiweka kwenye kioo cha simu. Wiki moja baada ya kulizwa, binti yangu wa darasa la nne aliichukua simu, akaivuta ile picha ikawa kubwa, akaniuliza, "Mama, hii soketi mbona ina matundu mawili ya duara?" Nikaangalia. Ukutani, juu kidogo ya mkia, soketi ya Ulaya. Za kwetu zina matundu matatu bapa, tulizirithi kwa Waingereza. Na muuzaji alikuwa ameniapia mbwa yuko Njiro, Arusha, sebuleni kwake.

Siku hizi picha unaweza kuipeleka Google ikakuonyesha ilishatumika wapi. Fanya hivyo, ni dakika moja. Lakini bora zaidi mpigie simu ya video na umpe kazi papo hapo: aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aishike pembeni ya mbwa. Wangu alisema kamera ya simu yake imepasuka. Kwamba kamera hiyo hiyo ndiyo iliyonitumia picha kumi na nne, sikuliwaza.

Sasa nifike penye kidonda. Watu wakisikia nimetapeliwa mbwa huuliza, "Kwani ulimtumia hela yote?" Hapana, na ndiyo maana niliona niko salama. Tulikubaliana laki tatu. Akaniambia kwa upole kabisa, "Dada yangu, wewe toa kianzio tu. Iliyobaki utampa konda mbwa akiwa mkononi mwako." Nikaona huyu muungwana. Nikaandaa laki moja na nusu, na kabla ya kuweka namba ya siri simu ikaniletea jina la mpokeaji: jina la mwanamke. Huyu alikuwa anajiita Dokta na sauti yake nzito ya kiume. Nikampigia. "Ni laini ya mke wangu, yangu imejaa." Nikabonyeza.

Siku ya safari, saa kumi na mbili asubuhi, ikaingia picha ya basi. Nikafurahi. Ikafuata meseji: nauli ya mbwa pamoja na kreti, elfu arobaini na tano. Ni kweli, nikajiambia, mbwa hawezi kusafiri bure. Saa tatu ikaja ya chanjo na kibali cha kusafirisha, elfu sitini, pamoja na karatasi yenye mhuri wa bluu ambao hata maandishi yake hayasomeki. Saa saba mchana akapiga mtu mwingine kwa namba nyingine, anaongea haraka haraka, honi zinalia nyuma yake: "Mama, mimi konda. Tumezuiwa hapa Babati, mbwa hana karatasi ya pili. Faini elfu themanini. Ukichelewa tunamshusha." Nikamwona yule mwenye sikio lililolala kashushwa kwenye lami, jua la saa saba. Nikatuma. Na ya kutolea nikaongeza.

Saa moja jioni tulikuwa stendi ya Nanenane, mimi na boksi la maji ya chupa nililolitandika khanga kuukuu, binti yangu na bakuli la plastiki la njano. Gari la kwanza kutoka Arusha likaingia, konda wake akacheka. La pili likaingia. Konda wa hilo hakucheka. Alimwangalia mtoto, akaangalia bakuli, akasema, "Mama, hiyo ya mbwa, mwezi huu wewe wa tatu kuniuliza." Namba ya Dokta ikawa haipatikani. Boksi tukaliacha palepale, tukapanda bajaji kurudi Ihumwa. Bakuli mtoto alikataa kuliacha.

Piga hesabu uone. Kianzio laki moja na nusu. Hela za njiani laki moja na elfu themanini na tano. Jumla imeizidi bei ya mbwa mwenyewe, na mbwa hakuna. Kile kianzio niliibiwa, sawa. Lakini zilizofuata nilizitoa huku tumbo likinicheza, kwa sababu nikigoma hapo, ile ya kwanza ndiyo basi tena. Kila nilipotuma nilikuwa naikomboa ile ya nyuma. Hapo ndipo wanapopatia ulaji hawa watu: mbwa ni chambo, biashara yao ni safari. Leo kreti, kesho bima, kesho kutwa karantini. Wanaodai mbwa anatoka nje ya nchi wanaongeza ndege na forodha. Basi jiwekee mpaka huu kabla hujapiga simu ya kwanza, na umwambie na mtu wa nyumbani akushike nao: muuzaji akitaja malipo mapya ambayo hayakuwepo mwanzo, hata kama ni elfu tano ya soda ya dereva, unakata simu na kile ulichokwisha kutoa unakizika.

Karatasi nazo zisikutishe. Shughuli za afya ya mifugo na vibali vyake ziko kwa maofisa mifugo, na malipo ya serikali yanalipwa kwa kontroli namba, hayaendi kwenye laini ya mke wa mtu. Kabla ya kununua, nenda kwa afisa mifugo wa kata yako umuulize mbwa wa kutoka mkoa mwingine anatakiwa aje na nini. Mimi nilimwendea baada. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Mbona hukuja?"

Mbwa wa mbali mfuate, au mtume mtu. Treni ya SGR kati ya Dar na Dodoma ipo tangu 2024, kwa hiyo mbwa wa Morogoro au Dar unaweza kwenda kumwona mwenyewe, na nauli yako haifikii kianzio utakachoombwa. Wa Arusha, Mtanzania gani hana shemeji Arusha, au mtu aliyesoma naye? Mwambie muuzaji, "Kaka yangu atapita kwako leo saa kumi kumwangalia." Tapeli atafiwa hapo hapo. Mfugaji wa kweli atakuelekeza njia, pengine na kukulalamikia kwamba unamchelewesha. Hela itoke mbwa akiwa mbele ya macho ya mtu wako, na mkutanie kliniki ya mifugo au penye watu. Usiende peke yako na laki tatu mfukoni kwenye nyumba usiyoijua.

Kama hela imeshatoka, usikae kulia. Piga huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia dakika ile ile uombe muamala uzuiwe, maana ikishatolewa kwa wakala ndiyo imekwenda. Namba ya tapeli iripoti kwa kuituma 15040, ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeiweka kwa kazi hiyo. Nenda polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako. Na meseji usifute! Mimi nilizifuta zote kwa hasira usiku ule, nikafika kituoni naeleza kwa mdomo kama msimulia hadithi. Halafu atajitokeza mwingine akuambie yeye ana mtu wa ndani wa kukurudishia hela yako kwa ada kidogo. Huyo ni yule yule, au ndugu yake.

Kuna na utapeli wa mbwa anayeonekana. Mtoto wa mbwa asitengane na mama kabla ya wiki nane. Jamani shepadi wa wiki tano au sita masikio yake bado yamelala, yanasimama miezi inayofuata, kwa hiyo umri huo mbwa koko mwenye rangi nzuri na shepadi unaweza usiwatofautishe. Ndiyo maana nasema muone mama. Kadi ya chanjo igeuze uisome: daktari akichanja hubandua kilebo cha kichupa cha dawa, chenye namba ya toleo, akakibandika kwenye kadi, akaweka saini na tarehe. Kadi iliyojazwa kwa peni moja, mwandiko mmoja, mistari yote siku moja, imejaziwa mezani. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu, kwa hiyo mtoto wa wiki sita mwenye kadi iliyokamilika, muuzaji wake ana maswali ya kujibu. Mwangalie anakula, anacheza, nyuma yake ni pakavu. Parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, huanza kwa kunyong'onyea, kisha kutapika na kuhara damu, na inaua haraka. Mwenzangu wa kazini alimzika wake siku ya nne, muuzaji akasema mmemlisha vibaya.

Ninayemfuga sasa nimepewa na mzee jirani, Mgogo wa hapa hapa. Alikuja kunipa pole na "Mbukwa" yake, salamu ya Kigogo, akanisikiliza, akauliza kwa nini sikuvuka barabara. Jike lake lilikuwa na watoto watano. Nilimpa majogoo wawili. Ni koko kabisa, hana hata sikio moja la kusimama, na bodaboda wote wa mtaani wanamheshimu.

Na wanaouziwa kasuku, kobe au tumbili mtandaoni, hapo hata ukiletewa kweli umeumia. Hao ni wanyamapori, iko Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na kukutwa naye bila kibali ni kesi. Muuzaji anayekwambia "kasuku hana shida" hatakuwepo mahakamani.

Mengine ni tahadhari za kawaida tu. Usinunue usiku, usingizi unafanya kila meseji ionekane ya kweli. Usinunue wiki uliyoibiwa, hofu ina haraka. Usimnunue haski mwenye manyoya ya theluji umlete kwenye jua hili la Oktoba. Namba ya siri usimtajie mtu, kiungo usichokijua usikibonyeze, anayekuharakisha mwache aende na haraka yake. Usimwahidi mtoto chochote kabla. Na bakuli nunua mwisho.