Kugeuza Bembea Kuwa Pigo Maalumu la Gemu

Kila bembea, yaani mashine yoyote ya kupanda kwenye bustani ya burudani, ina sekunde moja ambayo watu wameilipia. Zinazobaki ni foleni na kungojea. Kwenye meli ya kubembea ni pale inapofika juu kabisa, ikasita, na tumbo likabaki nyuma. Kwenye mnara wa kuanguka ni ule ukimya kabla kufuli haijaachia. Ukitaka bembea iwe pigo maalumu kwenye gemu yako, lile ambalo mchezaji huliita kipimo chake cha nguvu kikijaa, itafute sekunde hiyo kwanza, kisha ujenge pigo kuizunguka. Wengi huanza upande wa pili: wanachora meli ya kupendeza yenye bendera na mafuvu, halafu wanaweka uharibifu (afya anayopunguziwa adui) popote picha inapomgusa adui. Hapo hata ukibadilisha meli ukaweka trekta, mchezaji hatahisi tofauti.

Fikra yenyewe si ngeni. Gemu ya Kingdom Hearts III, iliyotoka Januari 2019, ilikuwa na mapigo ya aina hii: meli ya maharamia, vikombe vya chai, treni. Yalipendeza sana kwa macho, ila mchezaji akiyaita kwa mara ya ishirini anaanza kutamani yaishe. Maelezo haya ni ya gemu ndogo ya kupigana, inayotazamwa kwa ubavu, iliyotengenezwa kwa Godot 4, programu ya kutengenezea gemu, na inayochezwa kwenye simu. Afya ya kila mpiganaji ni 100, na hesabu zote ni kwa fremu (picha moja moja) 60 kwa sekunde, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha hatua za fizikia za Godot.

Anza kwa kurekodi bembea halisi. Kampala hilo halina taabu: Kansanga kuna bustani ya burudani ya Wonder World, na nyakati za sikukuu bembea za kuhamishika hufungwa viwanjani. Omba ruhusa kwa mwendeshaji, simama ubavuni mwa bembea, egemeza simu kwenye kitu kisichotikisika, urekodi mizunguko mitatu mizima. Simu ikiweza, iwekwe kwenye fremu 60. Nyingi za bei nafuu huishia 30, basi kila picha ihesabu kuwa fremu mbili. Ukifika nyumbani usitazame mashine, tazama mikono ya waliopanda. Kuna picha moja ambapo mikono iliyokuwa imeinuliwa hewani kwa mbwembwe inarudi ghafla kukamata chuma. Andika namba ya fremu hiyo. Hiyo ndiyo sekunde uliyoifuata.

Tuchukue meli, kwa kuwa ndiyo inayofundisha zaidi. Ni pendulamu, kitu kinachoning'inia na kubembea huku na huku. Meli inayoning'inia kwenye mkono wa mita 10 hivi hutumia sekunde 6.4 kwenda na kurudi. Kwenye mapigano, sekunde 6.4 ni kama mwaka, kwa hiyo zigawe kwa nne: sekunde 1.6, yaani fremu 96. Kama unaiendesha kwa injini ya fizikia (sehemu ya Godot inayokokotoa mwendo yenyewe) badala ya fomula, kumbuka kwamba kupunguza muda mara nne kunadai uvutano uuzidishe mara 16, si mara nne. Hapa ndipo wengi hukwama wakidhani injini imeharibika. Njia salama ni kuiandika pembe moja kwa moja: nyuzi 60 mara kosaini ya wakati, mzunguko fremu 96. Pendulamu halisi inayofika nyuzi 60 huchelewa kama asilimia 7 kuliko fomula hiyo rahisi, lakini hakuna jicho litakaloliona hilo kwenye skrini ya inchi sita.

Sasa uzito. Kwenye nyuzi 60, aliyekaa kitini hujihisi ana nusu ya uzito wake. Chini kabisa, meli inapopita kwa kasi, anajihisi ana uzito mara mbili. Kwa hiyo meli hii ina hisia mbili, na pigo lako lizitumie zote: chini inaponda, juu inaelea. Adui aliyeguswa chini abanwe ardhini. Adui aliyenaswa kwenye ncha ya juu apoteze uvutano kwa fremu 20, abaki akielea bila namna ya kujikinga.

Ratiba ni hii. Fremu 18 za maandalizi, meli ikivutwa nyuma na mnyororo ukilia. Kisha bembea inaanza kuhesabiwa kutoka sifuri: inapita chini fremu ya 24, ya 72 na ya 120. Eneo la pigo lifunguke fremu tatu kabla na lifungwe fremu tatu baada ya kila mpito, yaani 21 hadi 27, 69 hadi 75, na 117 hadi 123. Uharibifu uongezeke kila mpito: 8, 14, 22. Fremu ya 144 meli inatoweka, na aliyeiita anabaki wazi kwa fremu 30 akijipanga upya. Jumla ni fremu 192, sekunde 3.2. Uharibifu wa jumla ni 44, na pigo lolote likivuka 45 watu wataacha kupigana, watakuwa wanakimbizana tu wakingoja kipimo cha nguvu kijae.

Adui aliyepigwa aduwae kwa muda gani? Ukimpa fremu 50, pigo la kwanza likimpata basi yote matatu yamempata, na aliyeita pigo atajifunza kulitafuta hilo la kwanza tu. Mpe 40. Akipigwa fremu ya 21, anazinduka fremu ya 61 na ana fremu 8 za kuruka kabla eneo halijafunguka tena. Akipigwa fremu ya 27, anabakiwa na 2. Mwenye vidole vyepesi atatoka, mzembe atakula zote tatu, na wote wawili watakubali kwamba ni haki.

Kuna mtego mmoja unaovunja hesabu hii. Pigo zito linahitaji mgando mfupi, fremu 6 hivi ambapo kila kitu kinasimama ili mchezaji ahisi uzito. Kama umemgandisha adui peke yake na meli inaendelea, ile nafasi yake ya kutoroka imeliwa. Gandisha vyote kwa kuweka Engine.time_scale, yaani mwendo wa gemu nzima, kuwa sifuri. Lakini ukishafanya hivyo, saa ya kawaida ya Godot nayo inasimama, na gemu yako itabaki imeganda mpaka mtu aifunge. Ita saa hivi: create_timer(0.1, true, false, true). Ile true ya mwisho ndiyo inayoiambia saa isijali mwendo wa gemu. Ukikuta gemu inaganda milele baada ya pigo la kwanza, anza kukagua hapo.

Vikombe vya chai vina uzuri wa hesabu. Sinia kubwa inazunguka, na kila kikombe juu yake kinazunguka kivyake. Weka kitovu cha kikombe pikseli 90 kutoka katikati ya sinia, ukingo wa kikombe pikseli 30 kutoka kitovu chake. Sinia imalize mzunguko kwa fremu 120, kikombe kwa fremu 40, upande uleule. Kwa vipimo hivyo, kasi ya sinia na kasi ya kikombe zinalingana: kila moja karibu pikseli 4.7 kwa fremu. Ukingo unapokuwa upande wa nje zinajumlika kuwa 9.4, unapokuwa upande wa ndani zinafutana, na nukta hiyo inasimama tuli kwa kitambo. Hapo penye utulivu ndipo adui anaweza kuingia akampiga aliyeita pigo. Kila kikombe hufikia kilele cha kasi mara moja kila fremu 60. Ukiwa na vikombe vitatu vyenye nafasi sawa, na ukavipanga ili vilele vyao vipishane, unapata pigo kila fremu 20, dogo, la uharibifu 4. Ukigeuza kikombe kizunguke kinyume cha sinia, mchoro wote unabadilika na kilele cha kasi kinahamia ndani. Jaribu mara moja uone kwa macho kabla hujachagua.

Mnara wa kuanguka usiupe muda maalum juu. Kutoka mita 20, kuanguka huru huchukua sekunde 2 na mwendo wa chini unakaribia kilomita 71 kwa saa, lakini hakuna anayepiga kelele kwa sababu ya namba hizo. Kinachotisha ni kutojua lini. Acha kompyuta ichague kati ya fremu 20 na 70 za kungoja, kisha mlio mkavu wa kufuli, kisha fremu 12 kamili kabla kiti hakijaanza kushuka. Bila hizo 12, adui hana la kufanya zaidi ya kubahatisha.

Magari ya kugongana hayahitaji maelezo mengi kwa mtu aliyewahi kuvuka Old Taxi Park, kituo cha teksi cha Kampala, saa kumi na moja jioni. Gari likimgonga adui, mabadilishano ya kasi yawe karibu kamili: linalogonga linasimama, linalogongwa linaondoka. Anayeita pigo asibaki ndani ya gari zaidi ya fremu 180, vinginevyo gemu imegeuka ya mbio.

Kasri la upepo, lile la watoto kurukia kwenye harusi na sherehe za kumaliza mwaka wa shule, hudharauliwa na watengenezaji wa gemu, na kwa maoni yetu ndilo bora kuliko yote kwa kujihami. Siri yake ni kwamba kasri halifungwi hewa. Mishono yake inavuja muda wote, na feni iliyo nyuma inasukuma hewa bila kupumzika, mara nyingi ikiwa imeunganishwa na jenereta. Feni ikizimika, kasri linalala. Gemu nzima iko hapo.

Lisimamishe kwa fremu 240 mbele ya aliyeliita. Adui akijirusha juu yake anarudishwa na asilimia 80 ya kasi aliyokuja nayo; akibonyeza kuruka ndani ya fremu 4 baada ya kugusa, anarudi na asilimia 115, kwa hiyo hata adui anaweza kulitumia. Nyuma weka feni yenye afya 15. Ikivunjwa, kasri linaporomoka kwa fremu 90: fremu 30 za kwanza hakuna kinachoonekana, ila sauti ya feni inashuka kutoka mvumo hadi mguno, kisha kuta zinalainika kuanzia minara ya juu. Aliyeko ndani litakapolala anafunikwa na turubai na mwendo wake unapungua nusu kwa fremu 60, awe mwenye kasri au mgeni.

Linaloharibika mara nyingi ni hili: picha ya kasri inanywea lakini umbo la kugongana linabaki na urefu uleule, na watu wanadunda hewani. Ukijaribu kulibana umbo kwa kupunguza urefu peke yake kupitia scale (kipimo cha ukubwa), mgongano unaweza kukosewa, kwa kuwa maumbo ya fizikia hayapendi kupimwa tofauti kwa upana na urefu. Panga mistatili mitano, mmoja juu ya mwingine, na baada ya zile fremu 30 ondoa mmoja kila fremu 12 kuanzia juu. Tumia set_deferred kuuzima kila mstatili. Ukiuzima katikati ya hesabu za mgongano utaona makosa mekundu na wakati mwingine mstatili hauzimiki.

Rolakosta, treni ya reli zinazopanda, kushuka na kupinduka, iachie mwisho, ni kazi nyingi. Ukichora kitanzi chake, usikichore duara kamili. Kwenye duara, treni yenye kasi inayotosha tu kupita juu bila kuanguka humpa abiria uzito mara sita anapokuwa chini, na hata kwenye gemu treni hiyo inaonekana kama inadunda badala ya kutiririka. Vitanzi vya kisasa vina umbo la tone la maji: pana chini, pembamba juu. Shika pointi za Path2D, kifaa cha Godot cha kuchora njia, vuta mishikio ya chini iwe mirefu na ya juu iwe mifupi, mpaka treni ipite juu polepole bila kusimama.

Kwenye simu, hesabu zote zifanyike ndani ya _physics_process, inayoitwa kwa kila hatua ya fizikia. Ukizihesabu ndani ya _process, inayoitwa mara moja kwa kila picha, simu itakayoshuka hadi picha 30 kwa sekunde itaifanya meli yako ibembee nusu mwendo, na mwenye simu nzuri atashinda kwa sababu ya simu. Vumbi na cheche zitoke kwenye CPUParticles2D, kifaa cha Godot cha kutoa chembe, chembe zisizidi 40 kwa pigo. Kisha mpe simu mtu asiyeijua gemu, aigeuze skrini ikitazama meza, asikilize tu mnyororo, kufuli na feni, na aguse meza kila anapodhani inafaa kuruka. Kwenye pigo ambalo anakosea mara tatu mfululizo, sauti ya maandalizi ndiyo ya kurekebisha, iwe mapema zaidi kwa fremu 6 au iwe kavu zaidi.