Jinsi ya kufuatilia wanaume waliopendana miongoni mwa makauboi wa Marekani

Ukitafuta neno "homosexual" katika nyaraka za makauboi wa miaka ya 1870, utatoka mikono mitupu. Neno hilo lilichapishwa kwanza kwa Kijerumani mwaka 1869, na Kiingereza kikalipokea miaka ya 1890, wakati enzi ya kuswaga ng'ombe kutoka Texas hadi stesheni za reli za Kansas imeshapita. Wanaume waliopendana walikuwepo, ila wameandikwa kwa majina mengine.

Anza na sensa ya 1880. Ndiyo ya kwanza Marekani kuandika uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, na faharasa yake inapatikana bure kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba. Chagua kaunti moja ya wafugaji, pita safu ya uhusiano, utafute kaya ya wanaume wawili ambamo wa pili ameandikwa "partner". Fungua picha ya ukurasa wenyewe, usiridhike na faharasa, maana wanakili hukosea mwandiko na majina hupotea hapo. Nakili umri, kazi, hali ya ndoa na mahali alipozaliwa kila mmoja.

Sasa subira. "Partner" huyo huenda ni mbia wa mifugo tu. Ushahidi hupata uzito pale majina yaleyale mawili yanapoonekana tena chini ya paa moja mwaka 1900, kisha wosia kwenye mahakama ya kaunti unaonyesha mmoja kamwachia mwenzake farasi, nyumba na kila kitu. Miaka 20 ya kuishi pamoja si jambo la kupuuza, hata kama hakuna barua ya mapenzi iliyobaki. Sensa ya 1890 usiihangaikie: karibu yote ilipotea baada ya moto wa Washington wa 1921. Na kauboi akikosekana mwaka 1880, usishtuke. Hesabu ilianza Juni 1, katikati ya msimu wa safari, na wengi walikuwa njiani na ng'ombe.

Kwenye rekodi za mahakama na magereza, tafuta "sodomy" (ulawiti) na "crime against nature" (kosa dhidi ya maumbile). Texas iliweka adhabu ya kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa sheria ya 1860. Hapa ndipo watafiti wengi huteleza: shtaka hilohilo lilijumuisha ubakaji na hata kitendo na mnyama. Soma maelezo ya kesi kabla hujamwita mtu yeyote mpenzi.

Picha nazo zinadanganya. Wanaume wawili wamekumbatiana, mmoja kamkalia mwenzake mapajani, na watu hukimbilia hitimisho. Msomaji wa Pwani, aliyezoea kuona marafiki wa kiume wakishikana mikono barabarani, ataelewa haraka: pozi hilo lilikuwa la kawaida. Vivyo hivyo kulala tandiko moja kwenye baridi ya malishoni. Kagua pia kama picha ni ya bamba la chuma, kwani hizo hutoka kinyume kama kwenye kioo. Vifungo vya koti la mwanamume hukaa upande wake wa kulia; ukiviona kushoto kwake, basi hata pete unayoiona mkono wa kushoto ilivaliwa kulia.

Dansi za wanaume peke yao zina maelezo mengi kwenye kumbukumbu za wakati huo. Wanawake walikuwa wachache, kwa hiyo baadhi ya wanaume walifunga leso mkononi na kucheza upande wa mwanamke. Leso peke yake haithibitishi kitu. Andika jina la aliyeivaa na la aliyecheza naye, kisha rudi nayo kwenye safu ya sensa.