Ukienda Ufaransa usikae mjini tu, tembea msituni hivi

Nyie wa Mombasa mnaoenda kuona ndugu Ufaransa, msiishie kupiga picha na ule mnara wa Paris. Panda treni pale Gare de Lyon, stesheni ya hapo hapo Paris, kama dakika 40 ushafika Fontainebleau-Avon na msitu uko hapo hapo karibu.

Kwanza jua alama, manake kule waweza kutembea saa nzima usione mtu wa kumuuliza njia. Ziko kwenye miti na mawe, mstari wa njano ni njia fupi na hizo ndo za kuanzia, mweupe juu mwekundu chini ni zile njia ndefu ziitwazo GR, lakini hakuna anayekulazimisha uzimalize, shika kipande halafu rudi. Ukiona rangi zimepigwa X, hapo sipo, rudi mpaka alama ya mwisho uliyoiona na usijitie ujuaji.

Wa kutaka mto afuate GR 3 kando ya Loire, sehemu nyingi ni tambarare hata mama mtu mzima ataweza mdogo mdogo. Ila mito yenye mabwawa ya umeme ukikuta kibao cha kuonya usishuke kukaa mchangani, maji hufunguliwa huko juu yakaja ghafla na jua linawaka.

Raba zatosha, makubadhi acha nyumbani. Suruali ingiza ndani ya soksi sababu ya kupe, jioni jikague nyuma ya magoti. Kuanzia Septemba wawindaji huingia porini kwa hiyo vaa rangi kali. Mkate nunua asubuhi, maduka ya vijijini mengi hufunga mchana. Dharura piga 112.